Goti la Salma

Kwenye matanga ya Bibi nilikaa kwenye kiti. Wanawake wote walikuwa chini mikekani, miguu wameikunja na khanga zimefunika magoti, na mimi peke yangu nilikuwa nimeinuka katikati yao juu ya kiti cheupe cha plastiki, kama mtu aliyekuja kusimamia mtihani. Wanaonifahamu walijua sababu. Wasionifahamu walinitazama kisha wakatazama pembeni, na nikamsikia mmoja, mgeni kutoka Bagamoyo, akimnong'oneza mwenzake, "Huyu wa kitini ni mfiwa au ni mgeni rasmi?" Salma, binti wa dada yangu Rehema, alikuwa amekaa chini ameegemea mguu wangu wa kulia. Akageuka, akamwamkia yule mama vizuri kabisa, kisha akamwambia, "Ni mjukuu wa marehemu, mama. Goti lake halikunjiki. Na hilo goti ni langu mimi." Yule mama akamtazama kwa huruma. Bila shaka alidhani msiba umemchanganya mtoto wa watu.

Sikucheka, na kulia pia sikulia. Tangu Bibi alipokata roho nilikuwa nasikia sauti za watu kama zinatoka chumba cha pili, na chakula nilikitafuna bila kujua kina chumvi au hakina. Ganzi hiyo haikuwa ngeni kwangu. Ilinikaa mwaka mzima nilipokuwa na miaka ishirini na sita, mwaka aliozaliwa Salma, na nikiwa pale kitini, masufuria ya pilau yakigongana uani, ndio mwaka uliokuwa unapita mbele yangu. Nilikuwa na sababu ya kuukumbuka. Muda mfupi kabla ya msiba, daktari wa mifupa alikuwa ameniambia kwamba goti langu limekwisha, na kilichobaki ni kuwekewa la bandia. Nilipomweleza Salma, hakuuliza kama nitaumia. Aliuliza, "Wakilitoa, kitovu changu watakipeleka wapi?" Uso ulikuwa umemshuka kweli. Nilisema nina usingizi, na ilikuwa asubuhi kweupe.

Mwaka ule kazi yangu ilikuwa kupaka hina. Nyumba yetu ilikuwa Kariakoo, mitaa michache kutoka sokoni, nyumba ya Kiswahili ya ukumbi mrefu na vyumba huku na huku, na chumba cha mwisho kabla ya kutokea uani ndicho kilichokuwa changu. Dirisha lake lilitazama mhina aliokuwa ameupanda Bibi, na majani tuliyoyatwanga yalitoka hapo hapo. Chumba kilinuka hina na mafuta ya karafuu, na kutwa nzima kilipokea kelele za nje: mikokoteni ikigombea njia, vipaza sauti vya wauza mitumba vikiimba bei, na mtu mmoja ambaye sikuwahi kumwona sura, aliyepita kila siku akitangaza dawa ya mende. Wateja wangu walikuwa mabibi harusi. Waswahili nilikuwa nao, na Wahindi pia, kwa sababu jirani yetu wa ghorofa ya pili ya jengo la pembeni, Mama Hansa, muuza sari, alikuwa hawezi kumwona msichana amechumbiwa bila kumleta kwangu. Kazi ile hufanyika chini. Bibi harusi anakaa mkekani, ananyoosha mguu, na mpakaji anakunja goti moja chini yake na kulisimamisha la pili, ili unyayo wa mwenzake uegemee hapo. Niliweza kukaa hivyo tangu adhuhuri mpaka magharibi. Goti lililokunjwa lilikuwa la kulia, na mwili wangu haukuwa umejua namna nyingine ya kufanya kazi.

Nilianguka kwenye ngazi za ghorofa la akina Mama Hansa, msimu wa mvua, ngazi zimejaa maji na mimi nimebeba trei la chai. Sikuvunjika kitu. Goti lilivimba, likashuka, nikarudi mkekani, kwa sababu ilikuwa karibu na Ramadhani na watu wote wa mjini walikuwa wanaharakisha kuoana. Nililikalia goti bovu miezi kadhaa. Siku moja nilimaliza kumpaka mtu, nikataka kuinuka, nikashindwa, na bibi harusi mwenyewe akanivuta kwa viwiko ili asiharibu viganja. Hospitalini daktari mzee alinionyesha picha kwenye mwanga, akaniambia gegedu limelika, lile linaloziba katikati ya mifupa ili isisagane. Akasema gegedu haliko kama ukucha, likilika haliji tena hivi hivi. Alinipa mazoezi na vidonge. Akaniambia nisipige tena magoti wala nisikae chini. Nikamuuliza mpaka lini. Akavua miwani, akaifuta kwa koti, akasema, "Binti yangu, tafuta kazi ya mezani."

Nilirudi nyumbani nikakaa kitandani. Ndivyo ganzi ilivyoanza. Nilikuwa sina hasira wala huzuni ambayo mtu angeweza kuishika. Nilisali kwenye kiti na sikuwa nasikia ninachosoma. Wakati wa chakula wenzangu walikaa mkekani kuzunguka sinia, na mimi niliwekewa sahani yangu pembeni, juu ya stuli, mihogo ya nazi na kipande cha samaki, nikaitazama mpaka nazi ikaganda. Bibi alikuwa hanisemeshi kuhusu goti. Aliwaambia wageni kwamba nimepumzika. Ila kila alipotwanga hina uani aliitwanga kwa kelele zaidi ya ilivyohitajika, na nilijua ananiita.

Aliyeleta habari ya seli shina ni Mama Hansa. Baraza yake ya juu ilitazama uani kwetu, na mambo mengi ya nyumba yetu yaliamuliwa yeye akiwa kule juu na Bibi akiwa chini, wote wawili wakipiga kelele. "Bibi! Mjomba yangu ya Upanga alikuwa hawezi panda ngazi, sasa anakwenda hekaluni kwa miguu! Wamempiga sindano ya seli!" Bibi akauliza seli ndio nini. Mama Hansa akasema hata yeye hajui, lakini daktari ni kijana mzuri na kliniki ina kiyoyozi. Wiki ile ile tulikwenda, sisi watatu. Fedha zilipatikana, na sitaki kuzisimulia.

Kliniki ilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Daktari alikuwa kijana kweli, viatu vya mpira vyeupe, sauti laini. Alizitazama picha zangu, kisha akamgeukia Bibi, kwa sababu Bibi ndiye aliyekuwa amekaa kiti cha mbele na mkoba mapajani.

"Seli shina ni seli changa, Bibi. Bado hazijaamua zitakuwa nini. Tukiziweka kwenye goti tunategemea zitasaidia gegedu kujijenga."

"Mnazitoa wapi?"

"Mtu anaweza kutolewa zake mwenyewe kwenye mfupa wa nyonga. Sisi hapa tunatumia za kitovu cha mtoto mchanga. Tunaagiza nje, zinakuja zimegandishwa."

"Mtoto wa nani?"

Daktari akatabasamu. "Hatujui, Bibi. Mama anapojifungua huko anakubali tu kutoa."

Bibi akaufunga mkoba wake. "Sikiliza baba. Watoto wawili wakinyonya ziwa la mama mmoja wanakuwa ndugu, hawaoani mpaka wanakufa. Na hilo ni ziwa tu, linapita. Huyu mnataka kumtia kitovu cha watu, kiingie mwilini kikae humo humo. Kesho akija mchumba nitamuulizaje? Niseme, karibu baba, kabla hatujazungumza mahari, kitovu chako kiko wapi?"

Mama Hansa alicheka mpaka akashika meza. Bibi hakucheka hata kidogo. Akasema kwamba mjukuu wake mwingine, Rehema, yu karibu kujifungua, na kama dawa ni kitovu, basi kitatumika cha kwetu. "Karibuni sana, Bibi," daktari akasema, kwa sauti ya mtu anayeona ametaniwa. Mimi nilijua Bibi hatanii, na nilitakiwa niseme neno. Nilikuwa natazama kiyoyozi, jinsi kilivyopeperusha uzi mmoja wa vumbi.

Nieleze hapa, kwa sababu watoto wengi siku hizi huzaliwa na kila kitu huachwa hospitalini. Kwetu kitovu cha mtoto kikikauka na kudondoka huzikwa uani. Cha mama yangu kilizikwa pale, cha Rehema, changu, vya wajomba zangu, vyote kuzunguka ule mhina, na mtu akiulizwa kwao wapi, hapo ndipo kwao. Kukitoa kitovu nje ya nyumba kilikuwa kitu kikubwa, na Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akitufundisha hivyo. Ndiyo maana nilishtuka, kiasi nilichoweza kushtuka mwaka ule, niliposikia mazungumzo yao baada ya sala ya alasiri. Nilikuwa chumbani kwangu, dirisha wazi. Wao walikuwa uani, Rehema na tumbo lake kwenye kigoda, Bibi anapuliza mkaa.

"Mama mkwe ameshaniulizia kitovu," Rehema alisema. "Anataka kizikwe kwao Tanga."

"Na wewe wasemaje?"

Nilisikia chapati ikigeuzwa, kisha jina langu.

"Mimi nasema Zai anatuishia mle ndani. Hali, hasemi. Jana nimemwita mara nyingi, ananiangalia tu. Kitovu kikizikwa kinaoza, Bibi. Kama kinaweza kumwinua, si akichukue."

"Na mkweo?"

"Nitamwambia kimeliwa na paka."

"Usimsingizie paka wa watu. Mwambie ukweli. Atanuna, atazoea."

Wakacheka, na mimi nikalala kifudifudi. Nilimpenda sana dada yangu saa ile. Nilijua nampenda kama mtu anavyojua jina lake, lakini kifuani hakukuwa na kitu.

Salma alizaliwa akipiga kelele, mweusi, mwenye nywele mpaka kwenye mabega. Nyumba ilijaa harufu ya uji wa pilipili manga. Mama Hansa alishusha kikapu cha vitamu kwa kamba kutoka baraza yake. Watu walinibebesha mtoto nikambeba, wakamchukua nikamwachia. Kitovu kilipodondoka, Rehema alikuja nacho chumbani mwenyewe, ingawa alikuwa bado hatakiwi kuhangaika, akakiweka kitandani kando ya mkono wangu kikiwa kwenye kitambaa cheupe kilichofukizwa udi. Akasema, "Salma amekuletea." Kisha akaketi akanilaza kichwa mapajani mwake, tukakaa hivyo mpaka mtoto akamlilia.

Siku ya sindano Bibi alivaa buibui lake la Idi. Alipofika mbele ya daktari akakifungua kile kitambaa kwa vidole viwili na kusema, "Bismillahi. Ndicho hiki." Kilikuwa kidogo, cheusi, kimesinyaa kama zabibu iliyosahauliwa kabatini. Daktari akakitazama. Akanitazama mimi. Nadhani alikuwa anangoja mmoja wetu acheke, na alipoona hakuna anayecheka, alikipokea kwa mikono miwili. "Ahsante, Bibi. Mngoje nje kidogo." Akakiweka kwenye bakuli la chuma, na Bibi akatoka akiwa amenyooka kama mtu aliyekabidhi mali ya ukoo.

Mlango ulipofungwa, daktari alifungua friji akatoa kichupa chenye maandishi ya nchi nyingine. Kilikuwa kimefika tangu siku nyingi, kwa hiyo sikuwa na cha kujidanganya. Alinichoma sindano ya ganzi, akasubiri, akaligonga goti kwa kidole na kuuliza kama nasikia. Nikasema sisikii. Nusura niongeze kwamba hata kabla ya sindano nilikuwa sisikii. Akaingiza ile sindano kubwa polepole, jasho likimtoka ndani ya kile kibaridi. Alipomaliza nikamuuliza, "Na kile?"

"Kile nini?"

"Kitovu."

Akavua glavu. "Dada yangu, kile kimekauka. Hakina seli hai hata moja. Sasa ningemwambia nini bibi yako?"

"Utakipeleka wapi?"

"Taka zote za hapa zinachomwa."

Alisema kwa upole, hata leo sina kisa naye. Akageuka kunawa mikono. Mkoba wangu ulikuwa kitandani, na ndani yake mlikuwa na kikopo cha bati nilichohifadhia hina ya unga, tupu tangu niache kazi. Nikanyoosha mkono, nikakitoa kile kitambaa bakulini, nikakitia kikoponi, nikafunga. Mguu ulikuwa umekufa, moyo pia haukuwa na habari, lakini mkono ulifanya kazi yake wenyewe. Aligeuka akaona bakuli tupu, akaona mkoba, akaniuliza kama nina kizunguzungu. Nje Bibi alisimama haraka. "Kimeingia?" Nikamwambia, "Kimeingia, Bibi." Akanishika uso mbele za watu na kumshukuru Mungu kwa sauti.

Goti lilitulia miezi michache. Siwezi kusema kwa nini, na madaktari niliowauliza baadaye walinieleza kwamba matibabu haya bado yanatafitiwa, wengine hupata nafuu na wengine hawapati, na kwamba sindano nyingi hutuliza kwa muda hata zisipojenga chochote. Nilikaa chini. Nilimpaka hina binti wa Mama Hansa mwenyewe, miguu yote miwili mpaka magotini, na Bibi akavuta kiti mlangoni akanitazama kama watu wanavyotazama mpira. Aliusimulia mtaa mzima. Kisha maumivu yakarudi, nikanunua meza, nikawafundisha mabibi harusi kupanda juu ya kochi refu na mimi kusimama, na mwisho wa mwaka nilikuwa nakula tena, naongea tena, nalipwa tena. Bibi alishikilia kwamba bila kitovu kile ningelala kitandani moja kwa moja. Hilo sikumbishia, kwa sababu sina hakika alikosea. Kilichoniinua hakikuwa ndani ya kichupa, hilo nalijua, ila kila nilipotaka kurudi kitandani nilimwona Rehema amesimama mlangoni na kile kitambaa.

Kikopo kilibaki kwangu. Ningekizika uani Bibi angeniona, na angeniuliza ninazika nini. Nilipohamia Magomeni nilikihamisha, pamoja na chipukizi la mhina kwenye ndoo. Naye Salma akakua na goti lake. Alipoanza kusimama alisimama kwa kulishikilia. Alipokuwa anasoma darasa la pili aliwaambia wenzake kwamba yeye kwao ni kwenye mguu wa mama mdogo, mwalimu akamwita Rehema shuleni. Kila anapokuja kwangu analipaka mafuta ya nazi bila kuombwa, akililaumu au kulisifu kutegemea lilivyoamka.

Baada ya arobaini tulikutana nyumbani kwa mara ya mwisho, kwa kuwa nyumba ilikwishauzwa na mnunuzi alikuwa anataka kupandisha ghorofa. Bomba la uani lilikuwa limeshang'olewa. Wajomba walisimama kuzunguka mhina wakionyeshana kwa viatu, changu hapa, cha marehemu fulani pale, wanaume wazima wenye mvi, na mmoja akafuta macho kwa kofia. "Vyote vinakwenda chini ya zege," alisema. Salma akanishika mkono. "Changu mimi kinatembea," akawaambia, lakini hakuwa na ule ujeuri wake wa siku zote, na alikuwa anaitazama miguu yangu.

Nilimchukua nikaenda naye kwangu. Nikamkalisha, nikaleta kikopo, nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, friji, kichupa, bakuli, bila kupunguza. Nilimwambia kwamba hakikuwahi kuingia. Alikifungua kile kitambaa, ambacho sasa kimekuwa rangi ya chai, akakitazama muda mrefu sana.

"Kidogo hivi?"

"Kidogo hivyo."

"Mama anajua?"

"Hajui."

"Bibi alikufa hajui?"

"Hajui."

Nilidhani atalia, au atanikasirikia, na nilikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Alinyanyuka akatoka barazani, kwenye ile ndoo ya mhina, akapiga magoti yote mawili sakafuni, chapu, bila hata kujishikilia, na kuanza kuchimba kwa vidole. Mimi nilisimama nyuma yake nimeshika fremu ya mlango. Alikiweka, akasoma Fatiha kwa haraka kama wanavyosoma vijana, akafukia, akamwagia maji ya kikombe. Halafu, akiwa bado chini, akajigeuza, akafunua dera langu kidogo na kuuweka mkono wake juu ya goti.

"Waambie walitoe tu," alisema. "Ila hilo jipya nalo ni langu."

Kiganja chake kilikuwa na udongo mbichi. Nikausikia ubaridi wake, wote, mpaka mfupani.